Mama Aliyefanywa Bubu

Jamani, nyumba ya kinyozi mmoja mhamiaji ilikuwa na amani. Jioni mama yake mzazi, ambaye kinyozi alimleta kutoka kwao baada ya baba kufariki, alikaa jikoni akichambua mboga na kupiga soga kwa lugha yao, naye kinyozi akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Kisha zikaja kampeni za uchaguzi, na redioni ikawa ni wageni tu: wageni wamejaa, wageni hawataki hata kujifunza lugha yetu. Wateja wakabishana humo kinyozini, naye, mashine mkononi, akaitikia kila neno. Wakamsifu kwamba yeye si kama wale wengine. Sifa zikamlevya. Akabadilisha lafudhi, na lugha ya kwao akaipiga marufuku nyumbani.

Lakini mama hakujua lugha nyingine. Siku jirani alipomsalimu ngazini, mwanawe akawahi kujibu kwamba mama ni bubu tangu kuzaliwa. Walipoingia ndani akamwambia, "Mama, ukitoka nje usifungue mdomo. Ukiongea tu, tumekwisha."

"Sawa, mwanangu," mama akasema. Mnasikia, ndugu zangu? Mtu anamnyamazisha aliyemfundisha kusema.

Asubuhi moja, kinyozi akiwa kazini, mama alibanwa na kifua akaanguka ngazini. Jirani akamkimbiza hospitali na kuwaeleza kwamba mgonjwa ni bubu. Kinyozi alipofika, alimkuta ameshafunikwa shuka mpaka usoni. Yakamponyoka kwa lugha yao: "Mama, nisamehe."

Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda akashtuka, akamjibu kwa lugha hiyohiyo. "Kumbe ni wa kwetu, kaka? Nilimwuliza kwa lugha ya huku panapouma, akaniangalia tu, kaziba mdomo kwa kiganja. Tukahangaika na tumbo, kumbe ni kifua. Ningejua, ningemsemesha kwa lugha yetu."

Wakati huo jirani akatokea mlangoni. Kinyozi akafuta machozi, akamwambia muuguzi kwa lugha ya wenyeji, lafudhi safi kabisa, kwamba haelewi anachosema.

Funzo

Ukihamia kwa watu, jifunze lugha yao uijue barabara, lakini usiionee haya lugha ya mama yako. Nasi tunaobishana juu ya wageni tupime maneno yetu. Tukishamaliza kubishana tunakwenda zetu kulala, na mwenzetu anayabeba maneno yale mpaka nyumbani kwake.