Na Hili la Nani?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sitaki hata kiti kilie.

Jua lilikuwa linazama kambini, huko Virginia, Marekani, mwaka ule watu weusi walipovaa sare za bluu kupigania uhuru wao. Babu yangu Isham akatumwa kwa sajenti kuchukua kahawa. Walikuwa wanne wa chungu kimoja: yeye, Zeno, Pompey na Lige. Walikuwa wamekula kiapo, hakuna atakayekunywa mwenzake akikosa.

Sajenti akapima vipimo vitatu.

"Tuko wanne, Sajenti."

"Lige alipigwa risasi mtoni juzi, akafa. Hukuambiwa?"

Isham akavichukua vile vitatu. Alikuwa amemwacha Lige kando ya moto, sasa hivi tu.

Akarudi polepole, huku anakumbuka. Siku mbili Lige hajagusa chakula. "Nimeshiba," anasema. Buti zake hazikauki hata akizisogeza kwenye makaa. Na ile harufu… tope la mtoni, la chini kabisa.

Akamkuta amekaa palepale.

"Umechelewa, Isham," Lige akasema. "Au umeinywa njiani?"

"Huyu? Angeitafuna mbichi," Pompey akacheka.

Isham akamvuta Zeno pembeni, akamnong'oneza. Zeno akamtazama Lige kwa muda.

"Sajenti yule hata jina langu halijui," akanong'ona. "Nenda kageuze mgongo. Leo zamu yako."

Ndivyo walivyogawana, pasiwe na upendeleo. Mmoja anapanga mafungu ya kahawa kwenye blanketi, mwingine anageuka asione, anataja kila fungu ni la nani. Lakini bibi yake Isham alimwonya zamani: marehemu ukimwita kwenye chakula, siku moja atakuita na wewe.

Isham alijua hilo. Alijua pia ni Lige aliyembeba mgongoni kuvuka mto ule, risasi zikinyesha.

Akageuka.

"Hili la nani?" Zeno akauliza.

"La Pompey."

"Na hili?"

"Langu."

"Na hili?"

"Lako, Zeno."

 Makaa yakalia chwaa kama yamemwagiwa maji. Harufu ya tope ikamfika shingoni.

"Na hili… la nani?"

Haikuwa sauti ya Zeno.

Angeweza kunyamaza. Akafumba macho.

"Lako, Lige. Chukua, ndugu yangu."

Alipogeuka, Zeno na Pompey walikuwa wameshikana mikono. Fungu la nne halikuwepo. Mahali pa Lige palikuwa pameloa.

Asubuhi, waliokwenda kuzika walimkuta Lige kwenye matete, kafa siku tatu nyuma. Ngumi yake waliifungua kwa nguvu. Ndani mlikuwa na kahawa. Kavu.

Blanketi lake alirithi Pompey, kisu akarithi Zeno. Buti hakuna aliyezitaka. Isham alirithi swali. Kila jioni, mpaka uzeeni, aliupa moto mgongo, akangoja, akajibu kwa sauti ndogo: "La Lige." Jioni moja tukamsikia anajibu, "Hilo langu." Tulipofika jikoni, roho yake ilikuwa imeshakwenda.

Kikombe chake cha kahawa nilirithi mimi. Ni kile pale. Jua likizama, sikigusi.