Pumzi za Mtoto wa Rhobi

Kila alipotoka shuleni, Waisiko alichota maji, kisha akamsaidia mama yake kuanua mtama uani. Siku hiyo, hapo kwao Susuni, alimkuta mama, Rhobi, ameinama huku ameshika kiuno. Ungo ulikuwa umemponyoka na mtama umemwagika.

"Mama, unaumwa?"

"Ni uchovu tu. Usimwambie bibi yako, atanikataza kwenda shamba. Na baba yako bado yuko kazini Nyamongo."

Waisiko alianza kuzoa mtama, lakini hakumwondolea mama macho. Mimba ilikuwa ya miezi saba tu. Mama alitulia kidogo, kisha akauma tena midomo. Maumivu yalizidi kukaribiana. Akisema, mama atamkasirikia. Asiposema, je?

Akatimua mbio hadi kwa bibi. "Shikamoo, bibi. Mama anaumwa tumbo, na amenikataza nisikwambie."

Bibi aliacha moto ukiwaka, akamwita jirani yao Okumu, mwenye gari. Njia nzima ya kwenda hospitalini mama alimshika Waisiko mkono kwa nguvu.

Hospitalini, nesi Lilian alimpima mama, akavuta dawa kwa sindano.

"Uchungu umeanza mapema, tutajaribu kuutuliza. Sindano hii ni ya mapafu ya mtoto."

"Kwani yanaumwa?" Waisiko aliuliza.

"Hapana, hayajakomaa. Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa kama sisi. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni anaipata kwenye damu ya mama kupitia kitovu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Miezi ya mwisho ndipo vinapopata utelezi wa kutosha wa kuvizuia visinywee na kushikamana. Sindano inaharakisha kazi hiyo, ila inahitaji muda."

Uchungu ulipoa. Keshokutwa yake, mchana, ulirudi kwa nguvu. Waisiko na bibi walikaa nje ya mlango wa wodi ya wazazi. Walisikia mama akigumia, kisha kimya. Bibi alifumba macho. Waisiko alitega sikio mpaka kichwa kikamuuma, asisikie kitu ila vyombo vikigongana na viatu vya manesi. Hatimaye kikaja kilio chembamba, kikakatika, kikaja tena.

Walipoingia, kichanga alikuwa amelazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na mrija wa oksijeni puani. Kifua chake kilipanda na kushuka upesi.

"Nisamehe, mama. Ulinikataza nisimwambie bibi, nami nikamwambia," Waisiko alisema.

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekosea," mama alijibu taratibu.

Lilian alirekebisha mrija, akamgeukia Waisiko. "Mngechelewa, sindano isingepata muda wa kufanya kazi. Mama yako alikuomba utunze siri, na kumtii mzazi ni vizuri. Lakini maumivu ya mjamzito si ya kufichwa hata kidogo. Ukiona uhai wa mtu uko hatarini, mwambie mtu mzima hapo hapo, hata kama utagombezwa."