Chupa Tatu Darajani

“Zeri, niponye! Damu inaniishia!”

Niliandika kwa kidole kimoja, kingine kikipigana. Joka lilikuwa limenigeuzia kinywa. Zeri alikuwa hatua tatu nyuma yangu, fimbo yake ya uponyaji ikiwaka kijani. Nilimwona akiinua mkono. Mwanga ukatoka, ukanipita kama sipo, ukaenda kumwangukia Kobe.

Moto ukanimeza. Nikalala kifudifudi kwenye majivu.

Huo ni mchezo wa simu, ndiyo, najua. Unaitwa Ngome za Ukungu, na tulikuwa watu arobaini ndani ya pango, kila mmoja kwao, chama kimoja. Mimi naitwa Radi, mpiga upanga. Kobe ni mbeba ngao, bonge la mtu mwenye mgongo wa chuma. Zeri ni tabibu. Kwa miaka miwili Zeri hakuwahi kuniacha nife. Miaka miwili! Mtu akikuponya kila siku, utasema hakupendi?

Joka likaanguka. Wote wakashangilia. Mimi bado nimelala.

“Radi, pole,” Zeri akaandika. “Nitakueleza.”

“Mweleze Kobe.”

“Nilikuwa na dawa ya mara moja tu.”

“Na ukajua wa kumpa.”

“Usiwe hivyo, jamani. Nisikilize.”

Sikusikiliza. Mimi nikiumia hutunga. Nikamwaga mbele ya watu wote arobaini:

“Dawa yako waificha, Kobe ndiye wamnywesha,
Mimi chini waniacha, na moto wanikausha,
Leo nami nakukacha, ufunguo naurusha!”

Watu wakacheka, wengine wakaomba nirudie. Nikautupa ufunguo wa nyumba ya chama, nikatoka. Nikamfungia Zeri asiweze kuniandikia. Nikamfungia na Kobe. Nikazima simu, nikajiona dume.

Udume huo ulidumu siku mbili.

Siku ya tatu niliunguza geti la watu. Mimi ni mchomeleaji. Nilikuwa nikiunga bawaba, moto ukatoboa chuma kama karatasi.

—We vipi? —akaniuliza Nondo, mwenzangu wa karakana. —Umefiwa?

—Sijafiwa.

—Basi umeachwa. Sura ya kufiwa na sura ya kuachwa ni ndugu.

—Nimemwacha mimi.

—Nani? Yule wa kwenye simu? —Akatua chini grenda yake ya kukatia vyuma ili acheke vizuri. —Hujui jina lake, hujui sura yake, hujawahi hata kumsikia akikohoa. Umemwacha wapi sasa? Kituoni?

—Nondo, nitakuchomelea mdomo.

—Nichomelee, kaka, lakini geti la watu liache.

Alisema kweli. Mchezo ule hauna sauti, ni maandishi tu, na wenyewe ni wakali. Ukiandika tarakimu inageuka nyota. Ukijaribu kuikwepa kwa kupanga namba ya simu kwa maneno, wakakunasa, unafungiwa papo hapo mwezi mzima. Niliwahi kumwomba Zeri namna ya kumpata nje, akajibu, “Bado.” Nikaapa sitaomba tena. Nilichokuwa nacho ni maneno yake tu. Alikuwa mpiga pasi wa mashuka ya hoteli. Aliwahi kuniandikia: “Leo nimepiga pasi mashuka mia mbili, mkono umekufa. Lakini wa kukuponya wewe haujafa.” Maneno hayo niliyasoma mpaka nikayajua kama jina langu.

Wiki ya tatu, mchana wa Jumamosi, tangazo likaingia kwenye simu yangu. Nililisoma mara moja, nikakalia rundo la vyuma.

—Nini tena? —Nondo akauliza.

—Wanaufunga.

—Nini?

—Mchezo. Leo. Saa kumi jioni unazimwa, haurudi tena.

Nondo akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na robo. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

—Na huna namba yake?

—Sina chochote, Nondo. Sina hata herufi ya jina lake.

—Sasa umekaa unangoja nini? Ingia!

Nikaingia. Langoni pa ngome palikuwa pamejaa watu waliokuja kuagana, wengine wanacheza ngoma, wengine wanarusha fataki. Katikati yao alisimama Kobe, ngao mkononi, kama aliyepandwa pale. Nikamfungulia.

“Zeri yuko wapi?” nikaandika.

“Kwanza salamu.”

“Kobe, sina muda.”

“Wiki tatu ulikuwa nao. Shikamoo iko wapi?”

Nikashangaa. “Shikamoo ya nini? Wewe ni nani?”

“Mimi ni mama yake.”

Simu nusura initoke mkononi.

“Nilivunjika nyonga,” Kobe akaendelea. “Kitandani mchana kutwa, natazama dari. Mwanangu akaniingiza humu nisichakae. Siku ile ya joka mimi ndiye niliyekuwa mbele. Ngao ikianguka, arobaini wote wanaungua. Hilo hulijui, wewe shujaa?”

Nilijua. Hata anayeanza leo analijua: mbeba ngao haachwi. Nilijua, na nikachagua kutokujua.

“Dawa ilikuwa moja,” akaandika. “Ungekuwa wewe, ungemwacha mama yako achomwe ili umponye mwanaume anayekutungia matusi?”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Ningekuwa karibu ningekuzaba kibao. Yuko darajani. Kila siku tangu uondoke yuko darajani. Twende, nyanyua miguu!”

Tulikimbia. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Daraja la mawe lilikuwa limefurika watu, na pembeni, peke yake, joho jeupe, fimbo imelala magotini.

Nikamfungulia. Vidole vilikataa kuandika. Mimi, wa mashairi!

“Zeri.”

Akanigeuzia mgongo.

“Zeri, nilikosea. Nilikosea mbele za watu, na sababu sikuwa nayo.”

“Ulinifungia.”

“Ndiyo.”

“Nilikuandikia siku ishirini na moja. Yote yamegonga ukuta. Unajua kumwandikia ukuta?”

“Nitukane. Unitukane mpaka uchoke, lakini si humu, humu tuna dakika ishirini. Naomba namba yako. Niliapa sitaomba tena, sasa naomba. Napiga magoti.” Nikampigisha Radi magoti kweli. Watu darajani wakapiga makofi.

Nondo alikuwa ameinamia bega langu akipumua kama mvukuto.

—Anasemaje? Anasemaje?

—Hasemi!

Kisha Zeri akainuka. Akatupa chupa moja ya dawa chini, kwenye mawe. Ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Akasimama, akanitazama. Mimi nikamtazama.

—Anatupa dawa zake —nikasema. —Ndiyo kwaheri hiyo.

—Kwaheri gani, bwege! —Nondo akanizaba kofi la kisogo. —Anakuhesabia! Tarakimu haziandikiki, chupa zinahesabika! Chaki iko wapi?

Nikaruka. Nikaandika kwa chaki kwenye bamba la chuma: sifuri inayoanza namba zote, kisha ile tarakimu.

“Nimeona,” nikamwandikia.

Akaziokota, akaweka nyingine. Nne. Nimeona. Sifuri ilipofika akavua kofia yake, akaiweka chini tupu. Nimeona. Tulikuwa kwenye ya tano mpita njia mmoja alipopiga mbio akazoa chupa mbili.

“Mwizi!” Kobe akaandika, akamkung’uta kwa ngao mpaka mtu akadondokea mtoni.

Zeri akaanza upya ile ya tano. Saa kumi kasoro dakika sita. Ya sita. Ya saba. Mikono yake ilikuwa inatupa upesi, na mimi chaki ilikuwa inakatika. Ya nane. Imebaki moja. Saa kumi kasoro sekunde chache.

Chupa moja. Mbili. Tatu. Akainua mkono tena…

Kioo kikawa cheusi.

“Asanteni kwa kucheza.”

Basi. Nilikibonyeza, nikakibonyeza, nikapuliza kama kuna jivu la kupuliza.

—Ilikuwa tatu? —Nondo akanong’ona.

—Alikuwa bado anaweka. Mkono ulikuwa juu.

—Basi ni tatu au zaidi. Tatu mpaka tisa. Namba saba tu, kaka. Piga.

—Sauti yake siijui.

—Piga!

Nikaanza na tatu. Akapokea mzee.

—Haloo, samahani mzee wangu, namtafuta Zeri.

—Sina deni na mtu! —Akakata.

Nne.

—Karibu, majeneza ya aina zote, marehemu wetu ana urefu gani?

Nikakata mwenyewe. Tano akapokea mwanamke, moyo ukanipanda. Kabla sijamaliza kusema “Zeri” nikasikia mwanaume nyuma yake: “Nani huyo? Lete hapa! Wewe, unamtafutia nini mke wangu?” Sita haipatikani. Saba ikaita mpaka ikachoka. Nane, sauti laini kama asali:

—Ndiyo, mpenzi, ndiyo mimi Zeri.

Nilikaa chini. Machozi yalitaka kunitoka.

—Zeri! Kobe hajambo?

—Kobe gani?

—Kobe… unamjua Kobe.

—Aa, kobe! Ametulia tu bustanini. Sasa mpenzi, unanitumia nini leo?

Nikakata. Tisa, namba hiyo haipo.

Zikabaki mbili: sita iliyozimwa na saba isiyopokelewa. Nikazitumia zote ujumbe: “Zeri, ni Radi. Chupa ya mwisho sikuiona. Kama ni wewe, nijibu neno lolote.” Dakika kumi baadaye saba ikajibu: “Umekosea namba. Usirudie.”

Nikabaki na sita. Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga. Hapatikani. Nondo akaniletea maji, sikunywa. Yule mwanamke wa kwenye mtambo aliniambia sentensi ileile mara thelathini kwa adabu ileile, nikamchukia kama adui wa kuzaliwa. Huenda namba hiyo imekufa mwaka juzi. Huenda ile ya tano niliihesabu vibaya. Huenda sasa hivi anaangalia simu yake, anasema: nilimpa kila kitu, hajapiga.

Mafundi walikuwa wameshaanza kunawa mikono nilipopiga tena. Ikaita.

—Haloo? —Sauti ya mama mtu mzima, nzito.

—Samahani, mama. Natafuta… namtafuta mtu anaitwa Zeri.

—Shikamoo iko wapi?

Nilipiga ukelele, karakana nzima ikageuka.

—Shikamoo mama! Shikamoo! Shikamoo!

—Moja inatosha. Simu yake iliisha chaji, alishinda nayo darajani, na chaja aliisahau kazini. Tumeazima kwa jirani. Amejifungia chumbani, analia. Anasema kwa kiburi chako hutaitafuta ile tarakimu ya mwisho.

—Nimeitafuta, mama! Naomba niongee naye.

—Bado. Matusi ulimpa mbele ya watu arobaini. Hapo ulipo kuna watu?

Nikatazama. Nondo, mafundi sita, na mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake.

—Wapo, mama.

—Basi omba radhi wasikie.

—Nilikosea —nikasema.

—Mimi sisikii, sembuse wao.

—Nilikosea! —Grenda ya mwisho ikazimwa. —Nilimtukana mtu aliyeniponya miaka miwili! Alimwokoa mama yake na mimi nikamwona mhaini! Kosa ni langu, na kiburi ni changu, na kama hataki kunisikia ana haki!

Hakuna aliyecheka. Hata Nondo. Kwenye simu nikasikia mlango ukifunguka, nyayo, kisha pumzi ya mtu mwingine.

—Radi?

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza kidogo, imechoka kulia. Sikuwa nimeiwazia hivyo. Tangu saa ile sijui nyingine.

—Nipo.

—Umepiga ngapi?

—Saba. Mmoja ameniuliza urefu wa marehemu.

Akacheka katikati ya kilio, akakohoa.

—Sijakusamehe yote.

—Nipe ulichosamehe. Kilichobaki nitakifanyia kazi.

—Kazi ipo. Kesho saa tatu asubuhi nampeleka mama hospitali kupigwa picha ya nyonga. Kilima cha pale kinanishinda, kiti kinarudi nyuma. Utakuja?

—Nitakuja.

—Unajua hata ni mji gani?

—Niambie tu. Chaki ninayo.

Nilipanda basi alfajiri. Saa tatu kasoro nilikuwa chini ya kile kilima, na nikawaona: mama mnene kwenye kiti cha magurudumu, mkoba kifuani, na nyuma yake binti mfupi mwenye kovu la pasi mkononi, amekaza meno, anasukuma. Hatukusalimiana, pumzi hazikuwepo. Alinisogezea mpini mmoja, nikaushika, tukasukuma.

—Polepole —mama akasema. —Na usimwangalie mwanangu, angalia njia.