Hewa ya Kichaka Haipimwi Zizini

Mama Mizinga alikuwa jikoni anachuja asali. Mumewe akaingia na barua ya baraza. Mama akaisoma polepole, neno kwa neno, huku uso ukimvimba kama aliyeumwa na nyuki wake mwenyewe.

"Eti kichaka chetu hakina mnyama wa porini! Wamepata mbuzi, kuku na mtu tu. Kwa hiyo mwezi ujao kinakatwa! Mizinga yangu ishirini niiweke wapi, chini ya kitanda chako?"

"Mke wangu, hiyo ni sayansi. Mashine imenusa hewa."

"Basi ina mafua!"

Mchana mpimaji wa baraza, dada mmoja kijana, akaja kuchukua mashine aliyomwachia mume. Hakupewa hata kiti.

"Binti, umepima nini wewe?"

"Mama, kila mnyama hudondosha vipande vidogo vya ngozi, manyoya na mate. Vingine huelea hewani. Mashine huvuta hewa, na kichujio huvinasa. Maabara husoma vinasaba vilivyomo na kujua ni vya mnyama gani. Mashine iko wapi?"

Mume akakuna kisogo. "Niliitundika zizini. Kichakani ingeibwa."

"Na kichujio ulibadilishaje?"

"Kwa mikono. Nilikuwa nimetoka kunyonyoa kuku, lakini nilinawa... kidogo."

"Baba Watoto! Umetuponza!" Mama akamgeukia mpimaji. "Na wewe usicheke! Ulimwachia mashine bila kumfundisha, ukapanda pikipiki yako, vuuu!"

Mpimaji akainamisha kichwa. "Kweli mama, nimekosa. Tupime upya."

Kesho yake wakaweka mashine tatu ndani ya kichaka, mbali na mifugo. Kila kichujio kilishikwa kwa glavu mpya. Waliandika saa na upande wa upepo. Kichujio kimoja walikifungua na kukifunga bila kuvuta hewa.

"Hicho cha nini?" mume aliuliza.

"Cha kujichunguza sisi. Kikionyesha mbuzi, uchafu ni wetu. Na kumbuka, kipimo hiki hakihesabu wanyama. Kinatuonyesha tu nani huenda yupo karibu."

Majibu yakaja: popo wa aina nne, bundi, komba na paa. Kichujio cha kujichunguza kilikuwa safi.

Mama Mizinga aliyasoma mbele ya baraza kwa sauti ya kupasua bati.

"Mama, tumesikia," mwenyekiti alisema. "Punguza sauti."

"Nitapunguza mkishafuta uamuzi wenu."

Wakaufuta. Akapunguza, lakini kidogo tu.