Pikapu, Shangingi na Kamba Iliyolegea

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kidoti alimwagilia miche. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, siku za mitihani. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake. Kitalu cha mama yake kilianzia mlango wa jikoni na kuishia kwenye ukuta wa jirani. Humo mlikuwa na mipapai, michungwa na miparachichi, yote imepangwa katika viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vinavyojazwa udongo. Kidoti aliweza kuutambua mche wenye kiu kwa kuutazama tu. Kazi hiyo aliipenda, ingawa mbele ya wenzake alijifanya inamchosha.

Mwaka huo biashara ilichangamka. Wateja waliagiza miche mingi, na kuisafirisha kwa mkokoteni wa kukodi kulimtoa Mama jasho na machozi. Akaamua kununua gari. Sasa, gari gani? Katika yadi moja ya magari yaliyotumika yalikuwepo mawili yenye bei zinazokaribiana. La kwanza lilikuwa pikapu nyeupe, wazi nyuma, na mkwaruzo mrefu ubavuni. La pili lilikuwa gari kubwa jeusi lililofunikwa pande zote, la kupandia milima na kuvukia matope, lile ambalo watu huliita shangingi.

Mama hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Siku aliyonunua jembe alilima mbele ya duka mpaka mwenye duka akamsihi aache, maana wateja wengine walikosa njia ya kuingilia. Kwenye yadi alisema yale yale: magari yabebe miche kwanza, kila moja safari yake, ndipo yazungumzwe. Mwenye yadi alikuna kichwa, akakubali shingo upande.

Nyumbani kwao kulikuwa na utaratibu mmoja. Lilipojadiliwa jambo kubwa, wa kwanza kusema alikuwa mdogo kuliko wote. Mama aliona kwamba mkubwa akitangulia, wadogo huitikia tu. Kwa hiyo katika suala la gari, wa kwanza kutoa maoni angekuwa Kidoti.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu Kidoti alikwisha kutoa maoni yake shuleni.

"Eti mnanunua gari?" aliuliza binti wa mfamasia, aliyekaa naye dawati moja. "La aina gani?"

"Shangingi," Kidoti alijibu haraka. "Jeusi."

"Weee! Mimi nilidhani mtachukua pikapu, mkae nyuma pamoja na mbolea."

Wenzao wakacheka. Kidoti naye akacheka, lakini moyoni alichomwa. Tangu siku hiyo alilipamba lile shangingi kila alipopata nafasi: mara lina viti vya ngozi, mara lina baridi ndani kama jokofu. Alifika hadi kuwaahidi wenzake lifti.

Jumamosi ikawa zamu ya pikapu. Mzigo ulikuwa miche ya mipapai iliyoagizwa na kikundi cha akina mama wakulima, upande wa pili wa mji. Dereva alikuwa kaka yake Kidoti, aliyepata leseni hivi karibuni. Mama alikuwa amemwahidi kwamba gari likinunuliwa, usukani ni wake, na tangu aahidiwe alitembea akichezesha funguo mkononi. Zilikuwa funguo za kufuli la stoo, lakini ukimwona ungedhani ana magari matatu.

Walipomaliza kupakia, Kaka alitandaza turubai juu ya miche na kukaza kamba za pembeni na za nyuma. Ilibaki kamba ya mbele, iliyokuwa kwenye kona nyuma ya kiti cha dereva. Mtu mkubwa angeifikia kwa taabu, lakini mtu mwembamba angeweza kupenya katikati ya viriba bila kuvunja kitu.

"Kidoti, mdogo wangu, kaza hiyo ya mwisho. Kaza kabisa, maana upepo unaingilia hapo."

Kidoti aliishika kamba. Kufunga alijua, Kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Lakini wazo likamjia. Turubai likipigapiga kidogo, majani machache yakichafuka vumbi, Mama ataona pikapu haifai. Hakuna atakayeumia. Akafunga fundo la ovyo, kama la mtoto anayejifunza kuvaa viatu, akaliacha lining'inie.

"Tayari?" Kaka aliuliza.

"Tayari!"

Walipofika barabara kuu, kitu kilianza kupiga nyuma yao, pwa, pwa, pwa. Kidoti alikuwa amekaa katikati ya Mama na Kaka, akaikazia macho barabara.

"Nini hicho?" Mama aliuliza.

"Nisimame niangalie?" Kaka alisema, akipunguza mwendo.

"Ni barabara tu hiyo, ina mashimo," Kidoti alisema. "Kamba nimeikaza mwenyewe."

"Basi. Kama Kidoti ameikaza, twende."

Akaongeza mwendo. Kidoti alisikia ule mlio ukigeuka kuwa mfululizo mmoja, kisha ukanyamaza. Alitamani kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, akalimeza.

Walipowasili, turubai lilikuwa likiburuta nyuma limechanika, na kamba zote zimesokotana hata usijue ipi ilianza kufunguka. Miche ilikuwa imevunjika shingo. Majani mapana ya mipapai yalikuwa yamepasuka vipande vipande, viriba vimelala, na mizizi iko nje juani. Akina mama walikuwa wamesimama kando ya mashimo yao, ndoo za maji miguuni. Mwenyekiti wao aliokota mche mmoja, akaugeuza mkononi.

"Mashimo tumechimba wenyewe," alisema taratibu. "Maji tumebeba kichwani kutoka bondeni. Na huyu dereva wenu ni wa namna gani?"

"Nisameheni, dada zangu," Mama alisema. "Kosa ni letu. Nitailipia kwa miche mingine."

Kidoti hakuwahi kumsikia mama yake akiomba radhi kwa sababu ya miche. Uso ulimwaka moto. Aliinama akajifanya anaokota viriba, ili mtu yeyote asiyaone macho yake.

Njiani kurudi Mama alizungumza na Kaka bila kumtazama. "Mzigo ni dhamana ya dereva. Usukani sikupi. Nitatafuta mtu mwingine."

"Labda kamba za nyuma ndizo nilizozilegeza," Kaka alisema. "Sijui nilifanyaje. Sawa, Mama."

Kidoti alijiona ananuka uongo mwili mzima. Bado hakusema.

Jumapili lilikuja shangingi, na mwenye yadi akaja nalo ili alinde zulia lililotandikwa ndani. Viti vya nyuma vilikunjwa, miche mirefu ikapindwa vichwa, na baada ya kusukuma na kubembeleza, iliyoingia ilikuwa robo tu ya mzigo wa jana. Kwenye kona ya kwanza kiriba kilianguka, udongo wenye maji ukamwagika. Mwenye yadi alilia "Zulia! Zulia langu!" kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Hata hivyo, miche ilifika na majani yake yote.

"Ahsante," alisema mwenyekiti wa kikundi, akitazama mashimo yaliyobaki wazi. "Lakini hii ni ya kuonja tu."

Kidoti alikuwa amekaa kwenye kiti laini, ubaridi ukimpuliza usoni, kama alivyowasimulia wenzake. Hakufurahia hata kidogo.

Jioni walikaa kikao sebuleni. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikuja na suruali ya mteja pamoja na sindano, kwa sababu hakujua kukaa mikono mitupu.

"Mimi msinihesabu," alisema. "Nitapanda chochote chenye kiti."

Mama hakucheka. "Mimi nimeanza kuegemea shangingi. Litatulazimisha kwenda mara nne badala ya mara moja, na mafuta yatatukausha, lakini miche itafika. Ile pikapu nimeiogopa. Haya, Kidoti, anza wewe. Umepanda yote mawili. Umeona nini?"

Kidoti alitazama upande wa Kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake, ambayo haikuishiwa funguo za kuchezea, ilikuwa imetulia magotini. Ilitosha aseme neno moja tu, shangingi, apate alichokitaka.

"Pikapu haina kosa," alisema. "Kamba ya mbele... sikuikaza. Niliiacha makusudi."

Sindano ya Baba ilisimama. "Makusudi? Kwa nini?"

"Ili mnunue shangingi. Shuleni nilishawaambia tunanunua shangingi." Machozi yalimtoka. "Sikujua miche itakufa. Nilidhani majani yatachafuka tu."

Hakuna aliyepiga kelele, na Kidoti aliona bora wangepiga. Kaka aliinua kichwa.

"Njiani nilitaka kusimama," alisema.

"Ndiyo, Kaka."

"Wewe ukasema umekaza. Mimi tangu jana nazifunga zile kamba akilini, moja baada ya nyingine, natafuta nilipokosea." Alisimama. "Ungeniambia hata jana jioni."

Akatoka nje. Kidoti alitaka kumfuata, lakini Mama alimzuia kwa mkono.

"Mwache," Mama alisema. "Nami nina deni la kumwomba radhi, kwa kuwa nilimhukumu bila kuuliza vizuri. Lakini wewe, mwanangu, sikukuita hapa uchague gari. Nilikuita useme ulichokiona. Mtu akikuuliza umeona nini, anaazima macho yako. Wewe umeniazimisha macho ya uongo, na nilikuwa karibu kuyafuata."

Maneno hayo yalimwingia Kidoti kuliko fimbo.

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Mama alimpeleka kwa akina mama wa kikundi. Kidoti aliwaamkia, kisha akaeleza yote akiwa amesimama kando ya mashimo, sauti ikimkatikakatika. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vyema kuja," alisema. "Lakini sisi hapa tumemsema kaka yako vibaya. Tumewaambia majirani asipewe mzigo na mtu yeyote. Haya, sasa kazi tunayo, ya kupita nyumba hadi nyumba tukisema tulimwonea."

Kidoti alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwa amefikiria kabisa kwamba uongo wake ungetembea mpaka kwa watu asiowajua.

Shuleni nako alisema ukweli. "Si shangingi," alimwambia binti wa mfamasia. "Ni pikapu, na nilikudanganya." Walimcheka, tena walimcheka sana, halafu likaja jambo jingine wakalisahau. Kicheko alichokiogopa kiasi cha kuharibu mipapai yote ile hakikumaliza wiki. Aliona aibu upya alipotambua hivyo.

Mama alinunua pikapu. Kaka alirudishiwa usukani mbele ya familia nzima, na Mama akamwomba radhi waziwazi. Kidoti naye alimwomba radhi, na Kaka akasema amemsamehe. Kwa majuma mengi Kidoti alijaza viriba kila alasiri wenzake walipokuwa wakicheza, mpaka miche mipya ikasimama tayari kwa safari.

Siku ya kuipeleka, Kaka alitandaza turubai na kukaza kamba zake. Kisha akamwonyesha Kidoti kona ya mbele. Kidoti alipenya katikati ya viriba, akaifunga kamba kwa nguvu zake zote mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Tayari?"

"Tayari, Kaka."

Lakini Kaka hakwenda kwenye usukani. Alipanda juu ya tairi, akanyoosha mkono kwa taabu, akaivuta ile kamba. Ilikuwa imekaza. Akashuka, akaenda kwenye usukani. Kidoti alihisi uso unamwaka kama siku ile ya kwanza.

Miche ilifika mizima, na mashimo yote yakajazwa. Ila katika safari iliyofuata Kaka alipanda tena juu ya tairi akaivuta kamba, na katika nyingine vilevile. Nyumbani alimtania kama zamani na kumgawia karanga zake, lakini kamba aliikagua.

"Mama," Kidoti alisema siku moja walipokuwa wakipakia, "mbona kila mara nimekaza? Kwa nini bado anaangalia? Si alisema amenisamehe?"

Mama aliweka chini kiriba alichokishika. "Amekusamehe kweli. Kusamehe ni kazi yake, na ameifanya. Kukuamini tena ni jambo jingine, na kazi hiyo ni yako. Zamani alichukua neno lako tu akaondoa gari. Ulikuwa na kitu kizuri sana pale, ukakiuza ili wenzako wasikucheke. Sasa utakirudisha kidogo kidogo, kwa kukaza kamba kila siku, hata siku ambayo haangalii mtu. Ataacha kukagua atakapoacha. Usimharakishe, wala usimnunie."

Kidoti alipanda nyuma ya pikapu, akapenya mpaka kwenye kona, akaifunga kamba na kuirudia tena. Kaka alikuwa upande wa pili akipangusa kioo. Safari hii Kidoti hakungoja aulizwe.

"Nimemaliza, Kaka," alimwita. "Njoo uangalie."