Kioo cha Cloonavarra

Asubuhi ya kwanza viti vyote vya jikoni vilikutwa vimesogea hadi kwenye ukuta wa kioo. Havikuanguka wala havikupangwa. Vilisukumwa tu, sakafu mpya ikabaki na mikwaruzo, na kimoja kilikuwa kimeegemea kioo kwa miguu miwili. Dervla alimdhania mumewe. Mumewe, Lorcan, alimdhania mama yake. Na mama yake, Bi Honor, mjane wa daktari wa Dublin, hakuwa mtu wa kugusa kiti cha watu bila kukaribishwa. Basi wakacheka, wakavirudisha mezani, wakanywa chai.

Nyumba hiyo Dervla aliichagua mwenyewe. Aliichagua majira mazima ya baridi, simu haimtoki mkononi, mpaka Lorcan akamwambia si afunge ndoa na hiyo simu moja kwa moja. Daktari alikuwa amesema kwamba baba wa Dervla, mzee Malachy, hataona kiangazi kingine. Kiharusi kilimwachia masikio na machozi, kikamnyang'anya ulimi, mkono mmoja na mguu mmoja. Kwa hiyo apewe wiki moja, azungushwe jimbo la Mayo, mashambani alikozaliwa, aone magenge ya bahari, ziwa na mlima wa hija. Kila mwenye uzoefu alimshauri vilevile: chagua nyumba moja iliyo katikati, mtoke asubuhi mrudi jioni, msikokote masanduku kila siku na mgonjwa.

Na katikati ya hayo yote nyumba ilikuwepo. Ilikuwa ya shangazi yake Attracta, dada wa pekee wa Malachy, aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi wao. Wakati wa Pasaka alipiga simu akasema vitanda vipo, magodoro ameshayaanika. Dervla akamjibu kwamba mama mkwe anakuja nao na kifua chake hakipatani na manyoya ya kuku. Uongo mtupu. Aliona haya, basi. Alionea haya ule moshi wa mboji, udongo mkavu wanaouchoma mekoni badala ya kuni, unaoganda kwenye nguo, kuku wanaoingia jikoni wapendavyo, na shangazi mwenyewe na koti lake la kiume alilolifunga kamba kiunoni. Bi Honor hakuwahi kusema neno baya juu ya mtu yeyote, na ndiyo maana Dervla alimwogopa. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakusema mtumwa wa nani.

Akachagua nyumba ya kwenye picha: kuta nyeupe, chumba cha chini cha mgonjwa, na jiko jipya ambalo ukuta wake wa nyuma ulikuwa kioo kitupu, kipande kimoja, kisichofunguka. Tangazo lilitaja jina la mji tu. Gari lilipopanda kichochoro cha mwisho ndipo alipokitambua kilima cha Cloonavarra. Ilikuwa nyumba ya zamani ya akina Geraghty, majirani wa shangazi yake, imekarabatiwa kiasi kwamba Geraghty mwenyewe angefufuka asingeijua. Na pale chini, katikati kabisa ya kile kioo, dohani ya shangazi Attracta ilikuwa inafuka.

"Jamani, uzuri huu," Bi Honor alisema. "Nani anaishi pale?"

"Wakulima tu, mama," Dervla akajibu.

Mzee Malachy aligeuza kichwa polepole akamtazama binti yake. Dervla akajitia kushughulika na masanduku.

Dukani nako aliulizwa swali ambalo kule kila mtu huulizwa kabla salamu haijapoa: wewe ni wa nani? Akasema wametoka Dublin. Mwenye duka akamwambia Dublin si mtu, akampa maziwa yake.

Siku ya pili shangazi alikuja kwa miguu, na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Alisimama mlangoni na koti lake na kamba yake. Malachy alipomwona dada yake machozi yalimbubujika, mkono wake mzima ukanyanyuka. Wakati huohuo Bi Honor akatokea kutoka jikoni. Dervla alihisi uso mzima unawaka, na mdomo ukatangulia akili.

"Mama, huyu ni jirani wa hapo chini. Anafuga kuku."

Attracta alimtazama mtoto wa kaka yake, wala si kwa hasira. Akasema ndiyo, ni jirani, na kuku anao. Akamkabidhi Bi Honor mkate. Kisha akachungulia jikoni, akakiona kioo, na uso ukamparama. Akauliza kwa sauti ya chini, huo mlango wa nyuma umekwenda wapi. Dervla akajua kinachofuata. Zitakuja zile habari za Watu Wema, kama watu wa kule wanavyowaita majini wao kwa kuwaogopa, habari alizozisikia kila likizo ya utotoni, na Bi Honor atazisikiliza kwa ule uvumilivu wake unaoua. Akamshukuru shangazi kwa mkate, akamrudisha mlangoni, akafunga. Hata kiti hakumpa. Malachy alilia mpaka chakula kikapoa.

Jioni hiyo waliwasikia. Mwezi wa Juni magharibi ya kule huchelewa na haina haraka ya kwisha, mwanga unabaki mashambani hata watu wakipiga miayo. Walikuwa mezani wote wanne. Mlango wa mbele, ambao Lorcan aliufunga kwa ufunguo, ulifunguka taratibu, ikaingia harufu ya sufu iliyolowa na majani yaliyokanyagwa, kisha nyayo. Zilipita ukumbini, zikaingia jikoni, zikapita pembeni mwa meza, zikafika kwenye kioo na kukoma. Zikaja nyingine, nazo zikakoma. Lorcan alinyanyuka akafunga mlango akisema ni upepo, na hakuna aliyembishia, maana hakuna aliyetaka kusikia jibu. Kilichomkosesha Dervla usingizi si kuingia kwao. Hakusikia hata mmoja akitoka.

Walijaribu kuendelea na safari zao. Walikwenda kwenye magenge ya bahari, wakaenda ziwani, wakala samaki na viazi garini huku mvua ikipiga vioo. Malachy hakutazama chochote. Wakirudi alionyesha kwa kidole apelekwe mbele ya kile kioo, akakaa hapo akiitazama dohani ya dada yake, na kila jioni nyayo ziliingia na kujipanga nyuma ya kiti chake.

Kufikia katikati ya wiki nyumba ilikuwa imejaa. Macho hayakuona mtu, ila miili ilijua: Lorcan alianza kupita ukumbini kwa ubavu, bega mbele, bila kujua kwamba anafanya hivyo, na Bi Honor akasikika akisema samahani, samahani, mahali pasipokuwa na mtu, kisha akaona aibu akajifungia chumbani, na Dervla akiinama kuchukua sufuria alihisi kitambaa kibichi kikimgusa shavu, akinyooka anakihisi mgongoni, akitaka kwenda kwa baba yake inabidi asukume, asukume hasa, kama unavyopenya msikitini siku ya Idi, na kila alipompata, mzee alikuwa amesogezwa karibu zaidi na kioo, paji la uso linakaribia kukigusa, pumzi inatoka fupi na kurudi fupi zaidi.

Daktari wa pale aliitwa. Akasikiliza kifua, akasema mapafu hayana neno, akataka mzee apelekwe hospitali. Malachy aling'ang'ania kiti kwa mkono wake mzima mpaka kucha zikawa nyeupe. Alipokuwa akitoka, daktari alipita ukumbini kwa ubavu.

Dervla akateremka kilimani mbio. Alimkuta shangazi uani, akachukua njia fupi: akasema baba anakufa, hawezi kuvuta pumzi, nyumba imejaa watu.

"Najua," Attracta alisema. "Sijawasikia hapa kwangu tangu kilipowekwa kile kioo. Nyumba ile na hii ziko kwenye njia moja. Jioni unafungua mlango wa mbele na wa nyuma, unasema nyumba ni ya nani, unakaa pembeni wapite. Hawana ugomvi na mtu. Sasa wanaingia kule, hawana pa kutokea."

"Na baba?"

"Baba yako ni wa njia hii. Wamemjua. Kila anayeingia anamwegemea."

Dervla akamwomba, njoo basi.

"Nije kama nani?"

Dervla akaangua kilio. Alitamani ardhi ya ule ua immeze pamoja na kuku wake. Attracta alimwacha alie kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka na nyundo.

"Sikuulizi ili nikuumize," alisema. "Wataachiwa njia na mtu anayesema yeye ni wa nani, tena aseme mbele ya wote waliomo ndani. Mimi hilo siwezi kukusaidia."

Walipofika juu, mwanga ulikuwa unageuka kijivu na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Lorcan alikuwa amemkumbatia Malachy kwa nyuma, akijaribu kumvuta kutoka kwenye kioo, na hakuweza, na midomo ya mzee ilikuwa ya buluu. Bi Honor alibanwa ukutani, mikono kifuani, akinong'ona sala yake vipande vipande. Attracta hakuingia. Alimpa Dervla nyundo akabaki kizingitini.

Dervla akapenya. Sufu mbichi ilimfunika uso, harufu ya udongo ikamjaa kooni, mabega yasiyoonekana yakampa njia kwa shida kisha yakaziba nyuma yake, naye akaenda hivyo, anasukuma, anasukumwa, mpaka akafika ubavuni mwa baba yake, akageuka, akajikuta anatazamana na mama mkwe wake.

"Mimi ni Dervla," alisema. "Wa Malachy. Wa Tadhg."

Hakuna kilichosogea.

"Hujamaliza," shangazi akasema kutoka mlangoni.

"Babu Tadhg, aliyefia hospitali ya vichaa, nasi tukasema alifia Uingereza." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetapika. "Wa bibi yangu Sabina, aliyefua nguo za nyumba ya padri mpaka vidole vikapinda. Na yule si jirani, mama. Ni shangazi yangu Attracta, dada wa baba yangu. Nyumba ile pale chini ndiyo kwetu. Alitutandikia vitanda nikakataa. Alikuja na mkate nikamfukuza mlangoni, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama hapo na mimi niliona aibu."

Akageuka akakipiga kioo. Kilimwagika chenga chote kwa pamoja, na hewa ya shamba ikaingia.

Wale wasioonekana waliondoka bila haraka. Kwa muda mrefu zilisikika nyayo zikikanyaga vioo, na kule nje majani ya shamba yalilala kwa mstari mmoja, ukiteremka, ukiteremka, kuelekea kwenye nyumba ya chini ambako milango yote miwili ilikuwa imeachwa wazi. Jiko lilipokuwa tupu Malachy alivuta pumzi ndefu, na Lorcan akakaa chini.

Bi Honor alijinyoosha sketi. Alimwendea Attracta pale kizingitini akamshika mikono yote miwili, akamwomba radhi kwamba alipokea mkate wake na hakumpa hata kiti. Kisha akamgeukia mkwewe. Hakupandisha sauti.

"Ulinidhania mtu wa namna gani, Dervla?"



Waliteremka jioni ileile, Lorcan amembeba mzee mgongoni. Vitanda vilikuwepo kweli, vimetandikwa vyote tangu Pasaka, hata cha Bi Honor, na foronya zilipigwa pasi. Hakukuwa na kuku jikoni. Attracta alikuwa amewajengea banda siku aliposikia habari za kifua cha mama mkwe.

Kesho yake Malachy alikaa uani tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, dada yake akimenya viazi kando yake na kumsimulia vifo na mazao ya miaka yote. Jioni Attracta alifungua mlango wa mbele na wa nyuma, akasema nyumba hii ni ya Tadhg na Sabina, akakaa. Walipita. Harufu ya sufu iliingia na kutoka, nyayo hazikusimama mahali. Dervla alifumba macho kama alivyofundishwa utotoni, akahisi mtu anamgusa kidogo kichwani, kidole tu, na kuendelea.

Alipofumbua macho baba yake alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake karibu na meko, mikono juu ya magoti, ametulia, hapumui. Mzee ambaye hakuwa ametembea tangu wakati wa baridi, viatu vyake vyote viwili vilikuwa vimelowa umande, na ncha zake zilielekea mlango wa nyuma.

Mkesha ulijaza nyumba. Majirani walipita mmoja mmoja, wakamgusa marehemu mkono, wakawapa pole wafiwa, wakachukua chai. Mwenye duka naye alikuja. Safari hii hakumuuliza Dervla ni wa nani. Alimshika mkono akasema angalau mzee amepata kufia nyumbani kwake, jambo ambalo wengi hawalipati, akauliza kama marehemu alikuwa hapa nyumbani wiki nzima.

Dervla alifungua mdomo aseme ukweli. Attracta, akiwa na birika mkononi, akamtangulia.

"Wiki nzima," alisema. "Binti yake alimleta moja kwa moja hapa. Hakutaka kusikia mahali pengine."

Watu wakamsifu Dervla. Wakampa mkono, mmoja baada ya mwingine, mlolongo mzima, naye akasimama pale kando ya baba yake akapokea.