Kipandauso cha Kinyozi

Kinyozi yule watu walimwita Vidole. Kunyoa alinyoa kama wenzake wote wa mtaa ule. Sifa yake ilianzia pale alipozima mashine, akamimina mafuta kiganjani na kumkanda mteja kichwa mpaka mtu mzima anakoroma kitini na ndevu hazijamalizwa.

Asubuhi moja aliingia fundi wa kuchomelea vyuma, jicho moja kalifumba, la pili linatiririka machozi. Alisema kipandauso kimemkaba tangu jana, hata mwanga wa mlangoni unamchoma, kwa hiyo wa kunyolewa na wanyolewe, yeye anataka mikono tu. Vidole akamkalisha, akashusha pazia, akaanza. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto, ngozi ikasogea. Hakuisukuma. Ilisogea yenyewe, kama kiwavi mnene anayepita chini ya shuka, ikakikwepa kidole gumba, ikarudi, ikatulia chini ya ncha ya kidole na kuanza kukinyonya.

Vidole aliurudisha mkono haraka. Fundi alikwisha kuinuka, uso umemkunjuka, anashukuru, anatoka akipiga mluzi. Kinyozi akabaki akitazama utelezi kwenye vidole vyake, unaonuka kama maji ya kuoshea nyama yaliyosahaulika kwenye beseni. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa dawa ya chooni. Harufu ikabaki palepale.

Adhuhuri, nusu ya uso wa mteja aliyekuwa kitini ikamtoweka Vidole machoni, na mahali pake pakaja meno ya mwanga yakimetameta, yakikata pembe za kioo. Kisha maumivu yakapanda. Alifika nyumbani akishika kuta; mkewe alikuwa anakaanga vitunguu, na harufu ile ilipompiga puani akatapika mlangoni, juu ya viatu vya watoto.

Hospitali walimpima kwa makini, wakampa vidonge, wakamwambia apumzike. Vidonge vilipunguza maumivu. Havikupunguza ile sauti. Ndani ya kichwa, nyuma kabisa ya jicho la kushoto, kitu kilikuwa kinalamba, polepole, kwa ulimi mkavu, kama paka aliyepewa sahani, na kila kilipolamba jicho lilitoa chozi zito la manjano lililogandisha foronya hata ikambidi mkewe aibandue shavuni mwake huku amegeuza uso pembeni, asionekane anavyojizuia. Vidole akaacha kula, kwa kuwa chakula kilimchafua tumbo, akawa anashindia chai kali. Akaacha kulala, akawa anafokea wateja na kununa nyumbani. Na kadiri alivyochakaa ndivyo kile kitu kilivyonenepa, mpaka akiinama anakihisi kikibingirika na kuligonga paji la uso kwa ndani.

Mwishowe alikwenda kwa mama mmoja muuza mitishamba, aliyeitwa Mama Chafya kwa sababu mafua hayakumwacha mwaka mzima. Hakupandisha mashetani wala hakumfukiza chochote. Alimnusa kichwa, akarudi nyuma, akatema mate.

"Hilo ni jini la makombo," alisema kwa sauti ya chini. "Linakula njaa yako, usingizi wako uliokatika, hasira unazozimeza. Wewe ukishiba, lenyewe linakonda."

Akamwagiza ale kwa wakati, anywe maji, alale watoto wanapolala, aache chai, na ugomvi wa nyumbani aumalize badala ya kuulaza. Vidonge vya hospitali aendelee navyo. Litadhoofika, alisema, lakini kabla ya kutoka litamtesa kuliko mwanzo.

"Na mtu asikuguse kichwa. Hasa anayekupenda."

Vidole akauliza kwa nini.

"Kwa sababu hutamzuia."

Alijikaza. Alimwomba mkewe radhi kwa ukali wake, akamwambia asimguse kichwa, ila sababu hakumpa, maana aliogopa angechukua watoto na kuondoka. Mama wa watu akakubali, japo ilimwuma. Alimpikia, akamwekea maji kitandani, akapunguza sauti za nyumba nzima. Na kweli, ulimi ule kichwani ukaanza kulegea. Siku moja Vidole alipiga chafya, kikaanguka sakafuni kipande laini chenye vinyweleo, kama utando wa maziwa yaliyochacha, kikajikunja na kunyooka. Mkewe akakifagia, akapiga deki, akaenda uani kutapika.

Kisha ikaja alasiri ile. Watoto walikuwa shuleni, chakula kipo mezani kimefunikwa, na Vidole amelala sakafuni akisaga meno, kwa kuwa kitu kile sasa kilikuwa kinatafuta pa kutokea, kinasukuma tundu la pua, kinarudi, kinakwaruza mzizi wa jicho, kinateremka kooni na kumwachia ladha ya usaha, na yeye analia kama mtoto bila kujua kwamba analia. Mkewe akapiga magoti. Akamwekea mkono nyuma ya sikio.

"Baba watoto, nimeshindwa kukutazama hivi."

Vidole alikuwa na nafasi ya kusema toa mkono. Neno lilifika mdomoni. Ndipo akahisi ngozi yake ikisogea, ikiufuata mkono ule mpole, na maumivu yakianza kumwagika nje kama maji machafu.

"Usiache," alinong'ona. "Kaza."

Aliinuka mwepesi kama kijana. Mkewe alijitazama vidole, akavifuta kwenye gauni, akaingia chumbani. Vidole akasikia pazia likivutwa. Akaketi mezani, akafunua sahani. Njaa aliyokuwa nayo hajawahi kuijua. Alikula kwa mikono miwili. Kule chumbani ndoo ikaburutwa, mtu akajikamua tumbo, akapumzika, akajikamua tena.

"Baba watoto," sauti ndogo ikaita. "Hivi ni nini kinanuka hivi?"

Vidole alimeza kilichokuwa mdomoni.

"Sisikii kitu," alijibu, akaivuta na sahani ya mkewe.